Vampire Weekend (2008): wahakiki walibishana kuhusu vijana wenyewe, gitaa likaachwa pembeni

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikisoma upya yaliyoandikwa kuhusu albamu ya kwanza ya Vampire Weekend, iliyotolewa na lebo ya XL Recordings mwezi Januari 2008, na nimeona niyalete hapa kwa sababu yamekataa kunitoka kichwani. Albamu yenyewe ni fupi. Ina nyimbo 11 ambazo kwa jumla hazifiki dakika 35, lakini maneno yaliyomwagwa juu yake ni mengi kupita kiasi. Katika maneno hayo yote, ya sifa na ya lawama, lipo jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia kwenye muziki wa Kongo angeligundua kabla wimbo wa nne haujafika katikati, na katika hakiki nilizosoma sijalikuta likisemwa waziwazi. Nitalifikia, ila kwanza nieleze namna albamu ilivyopokelewa.

Kwa asiyewafahamu, hawa ni vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kuanzisha bendi mwaka 2006. Ezra Koenig anaimba na kupiga gitaa, Rostam Batmanglij anapiga vinanda na ndiye aliyeitayarisha albamu, Chris Baio anapiga besi na Chris Tomson ngoma. Waliirekodi wenyewe, bila fedha za lebo, wakiwa wameshamaliza chuo na wana ajira zao za mchana. Koenig alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Brooklyn. Ukiisikiliza utajua kwamba haikutengenezwa na watu wenye studio kubwa, kwani kila chombo kimekaa peke yake, kina nafasi yake, na gitaa ni safi kabisa, halina mkwaruzo hata kidogo, jambo ambalo kwa bendi ya vijana wa Marekani wa wakati ule lilikuwa geni.

Umaarufu wao uliitangulia albamu. Mwaka 2007 nyimbo zao za awali zilikuwa zikizunguka kwenye blogu za muziki, watu wakirushiana mafaili, na kufikia mwisho wa mwaka huo kila aliyefuatilia pop ya indie, ile ya bendi za lebo ndogo zinazojitegemea, alikuwa ameshachukua upande. Jarida la Spin likawaweka kwenye jalada la toleo lake la Machi 2008 na kuwatangaza kuwa bendi mpya bora ya mwaka. Walikuwa bendi ya kwanza kupigwa picha za jalada la jarida hilo kabla albamu yao ya kwanza haijatoka. Pitchfork, tovuti ambayo wakati huo alama zake ziliweza kuiinua bendi au kuizika, iliwapa 8.8 kati ya 10. Kwa hiyo mtu wa kawaida aliyeinunua albamu siku ilipotoka hakuwa akikutana na kitu kipya. Alikuwa akikutana na kesi iliyokwisha kusikilizwa, na yeye akiombwa tu aseme anakubaliana na hukumu au la.

Naamini hapo ndipo mambo yalipoharibika. Msikilizaji anayefika akiwa ameshaambiwa kwamba atakachosikia ni bora husikiliza kwa shingo upande, na anayeambiwa kwamba ni ulaghai naye husikiliza akitafuta ushahidi. Lawama zilizowaangukia vijana hawa zilihusu mashati yao ya kola, viatu vyao vya wenye mashua, chuo walichosoma, na kule Cape Cod wanakokutaja, rasi yenye fukwe ambako matajiri wa kaskazini-mashariki mwa Marekani hupumzika wakati wa kiangazi. Waliosifu walisema ni vijana werevu wenye ladha pana. Waliolaumu walisema ni watoto wa wenye nacho wanaochota muziki wa Afrika kama mtu anavyochagua kitambaa dukani. Pande zote mbili, mkizitazama vizuri, zilikuwa zikizungumzia watu, na gitaa likageuka kuwa kithibitisho tu cha aina ya watu hao.

Ni haki kusema kwamba mazingira yaliwaandalia ugomvi huo. Mwezi Oktoba 2007, miezi mitatu tu kabla ya albamu kutoka, mhakiki Sasha Frere-Jones alichapisha katika The New Yorker makala ndefu akilalamika kwamba roki ya indie imeuacha mdundo wa Wamarekani weusi na kubaki kavu. Mjadala ukawaka kila mahali. Halafu inatokea bendi ya wasomi ambayo haijaukimbia mdundo wa Afrika, bali imeukimbilia, tena si wa Wamarekani weusi bali wa Kinshasa. Kila upande ukaona umeletewa mfano wake.

Sasa niende kwenye muziki wenyewe.

Wimbo wa nne unaitwa «Cape Cod Kwassa Kwassa». Kwasa kwasa, kama wengi hapa mnavyojua, ni mtindo wa kucheza ulioibuka Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, katika miaka ya 1980, na dunia ya nje ikaufahamu zaidi kupitia Kanda Bongo Man. Katika wimbo huu gitaa linaingia mapema, juu ya ngoma nyepesi za mkono, nyuzi nyembamba zikidonolewa moja moja, na kwa sekunde chache za mwanzo moyo wangu ulifanya kile unachofanya kila ninaposikia mpiga solo akijiandaa: ulisogea mbele. Nilikaa nikisubiri. Sauti ya kuimba ikaingia, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea ufukweni bila haraka. Gitaa likarudi na kile kile kipande chake. Wimbo ukaisha. Nilichokuwa nikikisubiri hakikuja.

Nilikuwa nikisubiri sebene. Wimbo wa Kikongo wa bendi kubwa hujengwa kwa sehemu mbili: mwanzo unaimbwa polepole, ubeti kwa ubeti, na watu wanaweza kucheza wakiwa wameshikana, kisha waimbaji wanarudi nyuma, ngoma inabadilika, na magitaa yanashika usukani. Mpiga solo anachukua kipande kifupi mno, pengine cha noti sita au nane, anakirudia, anakirudia tena, anakigeuza kidogo, na kule kugeuza kidogo baada ya kurudia sana ndiko kunakomwinua mtu kitini. Sehemu hiyo ya pili ndiyo sebene, nalo linahitaji dakika nyingi. Huwezi kulipata katika sekunde 20, kwa sababu utamu wake haumo ndani ya kipande chenyewe bali umo katika muda unaopita wakati kipande kinarudiwa.

Vijana hawa walichukua rangi ya gitaa hilo. Muda wake hawakuuchukua. «A-Punk», ambao ndio wimbo wao uliopendwa zaidi na umati, unazidi dakika mbili kidogo tu, na wa kwanza katika albamu nao ni hivyo hivyo. Ndani yake mnasikia gitaa jepesi, la juu, lenye kurukaruka, lakini linatumika kama pop inavyolitumia gitaa: ni kitambulisho cha wimbo, linakuja, linamkumbusha msikilizaji yuko wapi, linaondoka kumpisha mwimbaji. Wanaodai kwamba vijana hawa waliiba muziki wa Kongo na wanaodai kwamba waliuenzi wanakubaliana bila kujijua kwamba muziki wa Kongo umo ndani ya albamu hii. Mimi nasema kilichomo ni sauti yake tu, na kwamba mhakiki aliyeketi na kuuliza kilichukuliwa nini hasa, na kiliachwa nini, angekuwa na cha kutueleza kuliko aliyehesabu mashati.

Jambo la pili ni Graceland. Karibu kila mwandishi alimtaja Paul Simon na albamu yake ya 1986, nami naelewa kwa nini: Mmarekani, gitaa la Afrika, na ugomvi juu ya nani ana haki ya nini, kwani Simon alirekodi Johannesburg wakati Umoja wa Mataifa ukiwa umetaka wasanii waisusie Afrika Kusini ya makaburu. Lakini muziki alioufuata Simon ni wa Afrika Kusini, mbaqanga na uimbaji wa akina Ladysmith Black Mambazo. Kwasa kwasa ni ya Kinshasa, na kutoka Kinshasa hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,800 kwa ndege. Besi hazitembei namna moja, magitaa hayaongei namna moja. Mtu akikuambia kwamba nyimbo mbili zinafanana kwa kuwa zote zina gitaa safi kutoka Afrika, amekueleza umbali aliosimama yeye wakati anasikiliza. Na kosa hili si la wahakiki peke yao, maana bendi yenyewe iliuita muziki wake Soweto ya Upper West Side, mtaa wa New York, huku ikiupa wimbo wake mmoja jina la ngoma ya Wakongo. Wenyewe walianza kuchanganya, wengine wakafuata.

Albamu naipenda, nisieleweke vibaya. Naomba maoni yenu, hasa ya wapiga magitaa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu, na kwa kuwa umewaita wapiga magitaa, naitika, ingawa nitakupinga kidogo.

Unasema walichukua rangi wakaacha muda, kana kwamba kufupisha ni jambo lililofanywa na wageni. Wakongo wenyewe walishafupisha. Kanda Bongo Man alipohamia Paris mwaka 1979 alikuta wasikilizaji wasiojua Kilingala na wasio na subira ya kungoja ubeti wa nne ndipo wacheze. Akaondoa matarumbeta, akapunguza ule mwanzo wa polepole, akaliruhusu gitaa liingie mapema. Sikiliza «Iyole» ya mwaka 1981, Diblo Dibala akiwa kwenye solo, utaona kwamba sebene halingoji mtu. Tena kabla yao Zaiko Langa Langa, iliyoanza mwaka 1969, walikuwa wameshaachana na matarumbeta ili magitaa yapate uwanja. Muziki huu umebadilishwa umbo na wenyewe mara nyingi. Kwa hiyo ukitaka kumhukumu Koenig kwa kosa la kukata, itabidi umwite na Kanda.

Nyongeza nyingine, maana nadhani itakufurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kanda Bongo Man alipiga Central Park, New York, na onyesho hilo likarekodiwa na kutolewa kama albamu. Central Park inapakana na Upper West Side, mtaa ule ule ambao vijana wako wamelitumia jina lake. Kwa hiyo kwasa kwasa haikuhitaji kufuatwa Kinshasa. Ilikuwa imeshapita mlangoni pao wakiwa watoto.

Kuhusu upigaji wenyewe, nitasema kitu ambacho kinaonekana zaidi ukiwa na gitaa mkononi. Sebene halipigwi na gitaa moja. Yapo ya solo, ya ridhimu, na katikati yake mi-solo, gitaa ambalo wasikilizaji wengi hawalijui kwa jina ingawa ndilo linalowazungusha. Mi-solo halipigi wimbo wala halishiki kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa kukaa juu yake. Linatembea katikati, likijaza pale solo inapovuta pumzi, na masikio yako hayawezi tena kutenganisha nani amepiga noti ipi. Nimejaribu kupiga kipande cha Koenig cha wimbo wa nne. Ni rahisi, na vidole havichoki. Lakini nilipokipiga peke yangu kilisikika kimekamilika, na hapo ndipo nilipoelewa tofauti, kwani kipande cha solo cha Kikongo ukikipiga peke yako chumbani kinasikika kama nusu ya mazungumzo.

Mleta mada

Mkuu, umenirekebisha, na nakubali. Nilizungumza kana kwamba sebene ni kitu kimoja kilichokaa palepale tangu enzi za Franco, yule mpiga gitaa mkongwe wa Kongo, jambo ambalo hata wiki yangu moja ya kusikiliza santuri za miaka ya 1980 ingetosha kunionyesha kuwa si kweli.

Ila nadhani tofauti moja inabaki, na maelezo yako yameniwezesha kuiona vizuri zaidi. Kanda alikata kile kilichomchelewesha msikilizaji kulifikia sebene. Alipofika, alikaa. Vijana wa Columbia walifanya kinyume: walibakiza ubeti, kibwagizo na mpangilio wote wa pop, na sehemu waliyoifupisha ni ile ambayo Kanda alikuwa akiikimbilia. Wote wawili walifupisha, lakini mmoja alifupisha safari na wengine wakafupisha ukaaji. Sisemi hili kama lawama. Pop ina sheria yake ya kuondoka kabla hujashiba, na kwa sheria hiyo albamu hii ni kazi ya mafundi. Nataka tu ijulikane kwamba uamuzi ulifanyika, kwa sababu huo ndio uamuzi wa kimuziki mkubwa kuliko wote katika albamu, na ndio ambao hakiki zilizoandikwa wakati ule zilipaswa kuupima.

Hilo la mi-solo nitalirudia nikishasikiliza tena.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta mada, naomba nitofautiane nawe katika jambo la kwanza kabisa, pale unaposema kwamba kuzungumzia chuo na mavazi ni kuukimbia muziki. Mimi si mpiga gitaa. Nilipoipata albamu hii nilikuwa mwanafunzi, na kilichonishika ni mashairi, na mashairi yake yanahusu mambo hayo hayo unayotaka yaachwe.

Tazama majina ya nyimbo. Wimbo wa kwanza umepewa jina la aina ya paa la majumba ya kifahari. Wa pili umepewa jina la kanuni ya uandishi, ile alama ya mkato inayowekwa kabla ya neno la mwisho la kuunganisha katika orodha, ambayo wasomi wa Kiingereza huigombania. Upo unaoitwa Campus, na upo uliopewa jina la basi la M79 linaloikata Central Park kutoka upande mmoja wa wenye fedha hadi mwingine. Katika huo wa kwasa kwasa yanatajwa majina ya makampuni ya mavazi ya Ulaya. Bendi iliyoandika hivyo imemwalika mhakiki azungumzie tabaka, na mhakiki aliyelizungumzia hakukosea mlango.

Kosa lao naliona kwingine. Waliyachukua mashairi kana kwamba ni majigambo, ilhali msimuliaji wa nyimbo hizi hana raha. Anaitazama meza ya matajiri akiwa hajui kama amealikwa kweli. Na hapa kweli ukisikiliza watu wenyewe utaona sababu: Batmanglij ni mtoto wa wahamiaji kutoka Iran, Koenig ni wa familia ya Kiyahudi iliyokuwa New Jersey. Waliowaita watoto wa koo za kale za matajiri wa Kizungu walikuwa wametazama viatu wakakisia nasaba. Mimi niliyeisikiliza nikiwa chuoni, nikiwa nimezungukwa na watu waliokuwa wakijua uma upi hutumika kwa chakula kipi, niliusikia wasiwasi huo mara moja, na sikuhitaji kuelezwa.

Wimbo huo huo wa nne unamtaja Peter Gabriel kwa jina. Huyu ni mwanamuziki Mwingereza aliyeshiriki kuanzisha tamasha la WOMAD mwaka 1982, tamasha ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kuwaletea wasikilizaji wa Magharibi muziki wa mabara mengine. Kumtaja ndani ya wimbo wenye gitaa la namna ile ni sawa na kusema: tunajua tumesimama wapi, na tunajua inaonekanaje. Baadaye Gabriel mwenyewe aliuimba wimbo huo pamoja na bendi ya Kiingereza ya Hot Chip. Swali ambalo wahakiki walilileta kama ugunduzi wao lilikuwa limeshaandikwa ndani ya mashairi.

Mleta mada

Ndugu yangu, hoja ya Gabriel naikubali yote, na nakiri kwamba niliipita haraka kwa sababu masikio yangu yalikuwa kwenye nyuzi.

Kuhusu tabaka, nakubali nusu. Mhakiki aliyezungumzia tabaka kwa kuyasoma mashairi, kama ulivyofanya wewe hapa, alifanya kazi yake. Ninayemlalamikia ni yule aliyefika kwenye tabaka kupitia picha za jalada la jarida, kabla hajafungua albamu. Na jalada la albamu yenyewe, kama mnavyokumbuka, halina sura ya mtu. Ni picha ya taa ya vioo inayoning'inia juu ya umati katika moja ya maonyesho yao ya mwanzo, vichwa vya watu vikionekana kwa chini. Nimeitazama mara nyingi wakati naandika uzi huu. Taa ni ya kifahari, picha ni mbovu, na aliyepiga amesimama chini akiangalia juu. Hapo tafsiri yako kuhusu meza inaingia vizuri kabisa.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mimi swali langu ni fupi. Kama walichukua mtindo wa gitaa wa Wakongo, je, kuna Mkongo aliyestahili kulipwa? Na kama hakuna, kwa nini watu waliudhika?

Mleta mada

Kwa ninavyoelewa, sheria ya hakimiliki hulinda wimbo uliotungwa na sauti iliyorekodiwa. Mtindo wa kudonoa nyuzi au mwendo wa ngoma hauna mwenyewe kisheria, na Wakongo nao waliijenga rumba yao wakisikiliza santuri za Kuba, ambako mdundo ulikuwa umepelekwa na Waafrika waliouzwa utumwani. Kwa upande huo hakuna deni.

Maudhi yalitoka kwingine, na nayaona ni ya haki. Mpiga gitaa wa Kinshasa au wa Paris aliyepiga hivyo kwa miaka 30 alipangwa dukani katika rafu ya muziki wa dunia, karibu na mlango wa nyuma, na hakiki yake ikawa ya aya moja. Vijana wanne wa New York wakipiga robo ya hayo wanapewa jalada. Hilo si kosa la Koenig, lakini ni jambo la kweli, na waliolisema wakati ule walisema la maana hata pale walipolitupia watu wasio sahihi. Ninachosikitikia ni kwamba hata katika kulisema, majina ya Diblo na wenzake hayakutajwa sana. Tungetetewa kwa majina ningefurahi zaidi.

Baada ya hapo, mjadala wa Afrika ulififia wenyewe. Albamu ya pili, Contra, ilitoka Januari 2010 na kuingia moja kwa moja namba moja katika chati ya Billboard 200 ya Marekani. Ya tatu, ya mwaka 2013, ilishinda Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala, na kufikia wakati huo lile gitaa lilikuwa limepungua sana na waandishi walikuwa wakizungumzia kifo, imani na umri.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, narudi kwa lile la mi-solo, kwa sababu jana usiku niliisikiliza albamu mwanzo hadi mwisho nikiwa na gitaa mapajani, na nimebadilisha sehemu ya nilichosema.

Nilisema kipande cha Koenig kinasikika kimekamilika peke yake, nikahitimisha kwamba hakuna anayemjibu. Nilikuwa nikimtafuta mpiga gitaa wa pili. Hayupo, lakini kazi yake ipo, na inafanywa na Batmanglij. Sikiliza wimbo wa kwanza: kinanda ndicho kinachofungua, kwa vipande vifupi, vikavu, vilivyokatwakatwa, na gitaa linapoingia baadaye linakaa kwenye nafasi ambazo kinanda kimeziacha. Halafu nenda kwenye «M79», ule wenye fidla na kinanda chenye mlio wa kizamani wa nyumba za kifalme za Ulaya. Waandishi waliuweka wimbo huo kwenye sanduku la muziki wa kale wa Kizungu na ule wa kwasa kwasa kwenye sanduku la Afrika, kana kwamba ni bendi mbili. Lakini vidole vinavyofanya kazi ni vile vile. Nimejaribu kupiga mstari wa kinanda wa «M79» kwa gitaa, kwenye nyuzi za juu, kwa mwendo wa haraka kidogo kuliko wao, na mke wangu aliyekuwa chumba cha pili akaniuliza ni wimbo gani huo wa Lingala.

Mleta mada

Mkuu, nimesoma ujumbe wako asubuhi na nimefanya ulivyosema, ingawa mimi sina gitaa, nina masikio tu. Nimeanza na «Iyole», nikaja kwenye wimbo wa kwanza wa albamu hii bila kupumzika katikati, kisha nikaruka hadi «M79».

Katika wimbo wa kwanza nimekisikia. Kwa miaka yote nilikichukulia kile kinanda kuwa mapambo ya kufungulia, kwa sababu nilikuwa nikilingoja gitaa, na kila lilipoingia niliacha kukisikia kinanda. Leo nimejilazimisha kubaki nacho. Hakinyamazi. Kinajisogeza nusu ya pigo kando, gitaa linadondokea pale kilipotoka, na kwa pigo tatu au nne hivi, kabla mwimbaji hajarudi, sikuweza kuvitenganisha.

Kwenye «M79» bado sijashawishika, fidla zimenizidi. Nitajaribu tena kwa spika kubwa.

Lakini kile nilichoandika juu kabisa, kwamba walichukua rangi peke yake, nakifuta kwa huo wimbo wa kwanza. Kuhusu wimbo wa nne, wenye jina lenyewe la kwasa kwasa, nasimama nilipokuwa: pale gitaa limeachwa peke yake, na linaongea bila wa kulijibu.